Hesabu ya Tuta la Tatu

8 Novemba
Ofisi ya hesabu za ndege, ghorofa ya tatu

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu simu yenu hushika mtandao mtu akipanda juu ya tangi la maji tu, na wewe tangi hupandi tena. Mimi mzima. Dari la ofisi linavuja juu ya meza yangu, ndoo ipo, tumeshazoeana.

Tangu mwezi wa tisa nimepewa kazi moja, na kazi hiyo ni wewe. Fomu zako zote za miaka thelathini na moja ziko mbele yangu: ndege wa pwani kitwitwi domo-kombo, tuta la tatu, mabwawa ya chumvi, maji makuu ya bamvua. Nimezichora kwenye karatasi moja ndefu mpaka imezidi meza. Miaka ishirini na miwili ya kwanza mstari unapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Elfu tano na mia tatu, elfu nne na mia moja, elfu sita mwaka ule mvua zilipokataa. Halafu miaka tisa ya mwisho mstari unanyooka. 4,200. 4,180. 4,220. 4,200. Baba Mkubwa, hata watoto wa darasa moja hawahudhurii shule namna hiyo.

Na miaka tisa hiyo ndiyo tangu watu wa uwanja wa makontena wafukie nusu ya tope wanapokula ndege wako. Sasa wanaomba nusu iliyobaki. Unajua shahidi wao ni nani? Ni wewe. Wanasema, tazameni hesabu za mzee wenu mwenyewe, tumefukia nusu na ndege hajapungua hata mmoja. Kikao cha kuamua ni tarehe 20 Februari. Wakikubaliwa, tope limekwisha, na kitwitwi hali changarawe.

Kwa hiyo nieleze polepole. Bado unakaa pale pale? Darubini ni ile ile? Na macho yako je? Nilipokuja mara ya mwisho ulimimina chai nje ya kikombe, ukasema kikombe ndicho kilichosogea.

Mwanao,
Kidomo


19 Novemba
Nyumba ya mtunza milango ya maji

Kidomo mwanangu, marahaba.

(Anayeandika ni mama yako mkubwa. Anasema mkono unamuuma. Haya ya kwenye mabano ni yangu, yeye hayajui.)

Barua yako imefika, nami nimefurahi kwamba hatimaye wamempa mtu mwenye akili fomu zangu. Waliokutangulia walikuwa wanaziwekea vikombe vya kahawa.

Unauliza nakaa wapi. Nakaa pale ninapokaa tangu hujazaliwa, kwenye kiti changu cha chuma juu ya mlango wa kwanza wa maji. Bahari ikijaa na kufunika tope, ndege hawana pa kusimama, wanakuja wenyewe kujipanga kwenye tuta la tatu kungoja maji yapwe. Mimi kazi yangu ni kubonyeza mashine ya kuhesabia kwa kidole gumba, bonyezo moja kwa ndege kumi. Darubini ni ile ile. Sina sababu ya kuitupa, haijanikosea.

Unauliza mbona hesabu zimetulia. Zimetulia kwa sababu ndege wametulia! Zamani nilikuwa nikikohoa tu tuta zima linainuka, naanza upya, natukana, naanza upya. Siku hizi nakohoa, napiga chafya, hata kipanga akipita juu yao hawasogei. Wamenizoea. Wanapanga mstari kuanzia mlango wa pili mpaka wa tatu, wa kijivu wote, wapole kuliko kuku. Miaka thelathini na moja si mchezo. Nimekula chumvi nyingi, na nyingine nimeikanyaga kwa miguu yangu.

(Mstaafu huyu anavaa mashine yake shingoni hata akienda kuoga.)

Ila hukuniambia lile ombi la wafukiaji tulilolisikia huku limefia wapi. Nina hakika hesabu zangu ndizo zilizowafunga midomo. Niambie ili nicheke kidogo.

Baba yako mkubwa


28 Novemba

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta majibu, nimepata kuku na chafya. Nilikueleza wazi kwamba ombi la wafukiaji halijafa. Liko hai, lina mihuri, na linatembelea miguu yako. Hesabu zako hazijawafunga midomo, zimewafungulia mlango. Mbona unaniuliza jambo nililokwisha kukuandikia? Na kuhusu macho hukusema neno. Nauliza tena: unaona vizuri, au huoni?

Halafu hilo la ndege kutosogea. Mimi ni mtu wa mezani, sawa. Lakini kila mtu hapa anayekwenda uwandani nimemuuliza kama kuna ndege elfu nne duniani ambao kipanga anawapitia juu wasiruke. Wamecheka mpaka wakaniudhi.

Mkuu wangu wa kitengo anasema hesabu ni hesabu, iliyoletwa imeletwa, mimi kazi yangu ni kuichora si kuigombeza. Nimebishana naye mpaka sauti imekauka. Nilichopata ni ruhusa ya kukupima. Usikasirike, sisi wote tunapimwa kila mwaka. Chukueni sinia na maharage makavu. Mama Mkubwa amwage konzi bila kuhesabu. Wewe utazame, moja, mbili, tatu, afunike kwa kitambaa, useme ni ngapi. Kisha myahesabu kweli kweli, muandike yote mawili. Fanyeni mara kumi, kwa makonzi madogo na makubwa. Mimi mwenyewe hupunja. Mia tatu nasema mia mbili na hamsini, na hakuna aliyenifukuza kazi.

Tafadhali jibu la macho lije na maharage.

Mwanao,
Kidomo


12 Desemba

Kidomo,

Salamu zako zimefika na sinia limefika mezani.

Nimehesabu ndege kabla baba yako hajaota ndevu. Wanafunzi waliletwa kwangu kwa malori, wakakaa chini, nikawafundisha kuona mia moja kwa mpigo kama mtu anavyoona mkono una vidole vitano bila kuvihesabu. Leo napimwa kwa maharage, na aliyeniletea mtihani ni mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Nimefanya. Nimefanya kwa sababu nakupenda, lakini ujue nimefanya nimenuna.

Konzi la kwanza, nimesema 60, yalikuwa 61. La pili 145, yalikuwa 145. La tatu 210, yalikuwa 212. Mengine yote yako kwenye karatasi ya nyuma. Umeridhika?

(Maharage tumeyapika. Usitume mtihani wa mchele, nakuomba.)

Sasa na mimi nina swali, na ni mara ya pili naliuliza. Wafukiaji wameishia wapi? Kila nikiuliza unaruka kama panzi. Kama kuna habari mbaya niambie, mimi si yai. Lile tope nilianza kulilinda kwa fomu kabla hujajua kusoma.

Baba yako mkubwa, ambaye bado amenuna


20 Desemba
(Kwa mkono wa fundi wa pampu wa hapo mabwawani. Apewe Mama Mkubwa peke yake, jikoni.)

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimekaa na ile karatasi ya maharage siku mbili. Makonzi kumi, na kosa kubwa kuliko yote ni maharage mawili. Hakuna binadamu wa hivyo. Hakuna hata mashine ya hivyo. Mliyahesabu kwanza ukamnong'oneza, au alisema lake ukaandika lako?

Halafu nikaweka barua zake zote mezani, moja kando ya nyingine. Mara mbili nimemwandikia kuhusu wafukiaji, kwa maneno ambayo hata kipofu angeyaona. Samahani kwa neno hilo. Mara mbili ameniuliza habari za wafukiaji kana kwamba sijasema kitu. Mara mbili nimeuliza macho yake na hajajibu hata kwa tusi, na yeye hajawahi kukosa tusi. Baba Mkubwa si mtu wa kukwepa swali. Basi maswali hayamfikii. Wewe ndiye unayemwandikia, Mama, na naanza kuamini kwamba wewe pia ndiye unayemsomea. Unaruka mistari.

Nina hasira na nakuheshimu, yote mawili kwa pamoja. Mimi nakesha na ofisi nzima kwa ajili ya tope lake, kumbe nazungumza na sufuria jikoni.

Nakuomba jambo moja kabla hatujagombana. Tarehe 30 Desemba kuna bamvua kubwa. Maji yakijaa, tembea kwenye tuta la tatu mpaka wanapojipanga wale ndege wa kijivu wasioruka. Ufike karibu nao. Kisha uniandikie ulichokiona, kwa mwandiko wako na bila mabano.

Mwanao


6 Januari

Mwanangu, marahaba.

Bila mabano, haya.

Ni kweli naruka mistari. Kwa miaka mitano sasa mimi ndiye macho ya barua. Ana mtoto wa jicho, yote mawili, la kushoto ndilo baya zaidi. Anaona mwanga, anaona mtu kama mti, na akinisikia nacheka ndipo anajua nimeketi wapi. Hajaniambia. Mimi sijamwambia kwamba najua. Ndivyo tunavyoishi. Nikimwekea sahani nasema kwa sauti, mchuzi uko kulia mume wangu, kama mtu anayejisemea tu.

Maharage alisema lake, nikaandika langu. Kila konzi alilitazama akasema mia mbili. Konzi la sitini, mia mbili. Konzi la mia tatu na arobaini, mia mbili. Niligeuka nikajifuta uso kwa kile kitambaa cha kufunikia.

Unaniona mwongo. Sawa. Lakini mwenzangu huyu aling'olewa kwenye kazi ya milango ya maji kwa barua ya mistari minne, na mtoto hatukujaliwa, wewe unajua. Kilichobaki ni kiti cha chuma na ile mashine shingoni. Nilisema moyoni, hesabu ni karatasi tu, zinakwenda mjini zinawekewa kahawa, zitamdhuru nani? Ulipoandika habari za wafukiaji nilisoma mpaka pale nikafunga mdomo. Presha yake iko juu. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa miezi miwili.

Nimekwenda kwenye tuta kama ulivyoniomba. Nilimwambia nakwenda kuchuma mboga. Yeye alikuwa kwenye kiti chake anabonyeza, nikapita nyuma yake nikashuka upande wa pili. Magoti yangu unayajua, nimetembea nusu saa. Niliwaona kwa mbali, kijivu, mstari mrefu, wamekaa kimya. Nikasema moyoni mtoto huyu wa mjini anatusumbua bure, si hawa hapa. Nikasogea. Hawakuruka. Nikasogea tena. Nikafika nikainama nikashika mmoja.

Ni mawe, mwanangu. Ni yale mawe ya wafukiaji waliyoyamwaga ubavuni mwa tuta ili maji yasilile, mwaka ule ule walipofukia. Mawe ya ukubwa wa ngumi mbili, kutoka mlango wa pili mpaka wa tatu. Yana jua juu yake yanang'aa kidogo, na mimi mwenye macho nilidanganyika hatua mia mbili nzima.

Ndege wa kweli wako mwisho kabisa, baada ya mlango wa tatu. Niliwahesabu kwa vidole na kwa sala. Hawakungoja nimalize. Ni mia sita na kitu.

Sasa umejua. Mimi siwezi kumwambia kwamba kwa miaka tisa amehesabu mawe. Mwambie wewe uliyesoma.

Mama yako mkubwa


12 Januari
(Kwa mkono wa fundi wa pampu)

Mama Mkubwa,

Sikulala vizuri. Nilikuita sufuria, nisamehe.

Lakini sikubali. Mtoto wa jicho anatolewa siku moja na mtu anarudi nyumbani na bandeji! Miaka yote hii mmekaa na siri ya kutolewa kwa asubuhi moja! Wewe unamficha yeye, yeye anakuficha wewe, na katikati yenu ndege wanaisha.

Nimekwenda kwa mkuu wa kitengo na habari ya mawe. Alinitazama kama niliyemletea hadithi ya kusinzisha watoto. Anasema hesabu haifutwi kwa maneno ya mke wala ya mpwa wala ya mtoto wa ndugu, hata yawe ya kweli kiasi gani. Inafutwa na aliyehesabu, kwa saini yake. Bila hivyo zile 4,200 zinakwenda kikaoni zilivyo.

Kwa hiyo nimemwandikia kurasa tatu. Nimeeleza yote, ombi la wafukiaji, macho, maharage, mawe. Bahasha yake ni hii ya pili. Msomee yote. Mama, nakuomba kwa magoti: usiruke.

Mwanao


24 Januari

KIDOMO

HII NAANDIKA MWENYEWE. NATUMIA KALAMU NENE YA KUANDIKIA MAGUNIA. MISTARI IKIPANDANA UTAJUA MWENYEWE.

Mama yako mkubwa alifungua bahasha mbele yangu akatoa karatasi. Mimi nimeshika karatasi za ofisi miaka thelathini na moja, najua sauti yake. Zilitoka tatu. Akasoma kwamba mko salama, mvua zimenyesha, dari bado linavuja. Birika halikuwa limeanza hata kuimba, barua imekwisha. Nikasema moyoni, karatasi tatu kwa muda huo? Labda uwe unaandika kwa herufi za ukubwa wa tembo. Nikakumbuka barua zako zote zilizotangulia, jinsi zilivyo nene mkononi na nyembamba masikioni. Mimi ni mhesabu. Aliniibia kurasa, akadhani sitahesabu.

Akaenda kisimani. Nikaichukua barua chini ya mto wake wa kulalia, nikapapasa ukuta mpaka nyumba ya pampu, nikampa fundi. Nikamwambia soma, na ukiruka neno nitajua. Maskini fundi. Anasoma polepole, kidole chini ya neno. Alipofika kwenye mawe alisita. Nikamwambia soma.

Leo ni siku ya nne. Mama yako mkubwa ananizunguka na sahani. Nina hasira naye, nina hasira na wewe, na hasira kubwa sijui niiweke wapi.

Nilijua sioni. Sikujua sioni kiasi hicho. Ilianza kama ukungu, nikasema ni lenzi. Nikafuta lenzi miaka miwili. Halafu mwaka ule wafukiaji walipokuja nilikuwa na hofu kwamba ndege watakimbia, kila bamvua nakwenda moyo mkononi, na kila nikitazama nawaona, mstari wa kijivu, wapo wote. Unajua furaha ile? Niliwashukuru. Nilikuwa nawaaga kwa sauti nikiondoka. Tisa, mwanangu. Miaka tisa naaga mawe.

Sasa unataka niweke saini. Waliobisha hodi na kunivika kilemba cha ukoka, mzee wa ndege, mzee wa ndege, watasema nini? Watasema kama tisa ni uongo, na zile ishirini na mbili je? Mtatupa zote. Hamtabaki na kitu changu hata kimoja. Mtu hachimbi kaburi la kazi yake kwa kalamu yake mwenyewe.

SIWEKI SAINI.

BABA YAKO MKUBWA


30 Januari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua hii ni ya ukurasa mmoja. Hesabu. Nimemwomba fundi aisome, lakini ningependa aisome Mama, nawe umruhusu.

Una haki ya kuwaka hasira. Mimi pia. Nimekasirika mpaka nimeipiga teke ile ndoo ya maji, ofisi nzima ikalowa. Nimekasirikia mtoto wa jicho, na mkuu wangu, na siri zenu, na mimi mwenyewe niliyekuona ukimimina chai nje ya kikombe nikacheka nikapanda basi.

Lakini hilo la ishirini na mbili si kweli, na nitakuonyesha kwa nini. Kwenye miaka ile kuna mwaka uliandika 5,310, ukakata, ukaandika 4,890, na pembeni ukaandika, "Nilihesabu kundi moja mara mbili, nimekosea." Hakuna aliyekuwa anakuangalia. Kwa ajili ya mstari huo mmoja uliokatwa, mimi nazisimamia fomu zile mbele ya mtu yeyote. Mtu aliyekata kosa lake la ndege mia nne anaaminika. Ukiziacha hizi tisa zilivyo, siku moja mtu mwingine atatembea kwenye tuta lile, ataokota jiwe, na hapo ndipo watakapotupa zote.

Ninachohitaji ni viwili. Saini yako. Na hesabu mpya, kwa sababu tukifuta tisa linabaki shimo, na wafukiaji watalijaza shimo kama wanavyojaza kila kitu. Iwe ya watu wawili, kwenye bamvua ya tarehe 11 Februari. Kikao ni tarehe 20. Baada ya hapo hata ukiniandikia kwa damu haitasaidia.

Sina la kuongeza. Nimechoka kubembeleza watu wazima.

Mwanao,
Kidomo


12 Februari
Nyumba ya mtunza milango ya maji

Kidomo mwanangu, marahaba.

Anaandika mama yako mkubwa. Nimeruhusu mabano, kwa sharti kwamba anisomee kila alilolitia.

(Nimekubali. Huyu mzee sasa anahesabu karatasi kabla sijazifungua.)

Ukurasa wako ulisomwa wote. Nilimwambia arudie ile habari ya 5,310. Nilikuwa nimeisahau. Siku hiyo mvua ilinyesha, nikarudi nusu ya njia, nikakumbuka kosa, nikatoa kalamu. Nilikuwa mtu mbaya wa kujisumbua siku zile.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha hii ni ya ofisi. Nimeandika mwenyewe kwa kalamu ya magunia, ili wasiseme niliandikiwa. Inasema: "Mimi, mtunza milango ya maji mstaafu, naomba hesabu zangu zote za tuta la tatu za miaka tisa ya mwisho zifutwe. Sikuwa naona. Nilichohesabu ni mawe ya wafukiaji. Miaka ishirini na miwili ya kwanza iacheni. Hao niliwaona." Saini iko chini, imetoka nje ya mstari kidogo. Fundi wa pampu anakuja mjini kuchukua vipuri, ataileta mpaka mezani kwako.

Karatasi ya tatu ni hesabu ya jana. Tumeihesabu wawili kama ulivyotaka. Kiti cha chuma tumekiacha. Nilishika bega la mama yako mkubwa, tukatembea juu ya tuta lote, yeye na magoti yake, mimi na macho yangu, ukituona ungetuhurumia au ungetucheka.

(Alikanyaga yale mawe kusudi. Nilimsikia akiyatukana moja moja.)

Tulipita mlango wa tatu tukakaa chini kwenye matope makavu. Yeye akawa anatazama kwa darubini, kila kumi anasema "eeh", nami nabonyeza. Nilikuwa nangoja kidole gumba kichoke. Zamani kilikuwa kinavimba. Akaacha kusema "eeh". Nikamwambia endelea. Akasema wamekwisha.

Mashine ilisema sitini na moja, na wawili wa juu. Mia sita na kumi na wawili. Nikamwambia arudie kuanzia mwisho. Alirudia, ni hao hao. Nikamuuliza kama ana hakika si mawe, akapenga kamasi kwa kanga, nikajua analia, kwa hiyo nikamshika bega tena.

Hospitali tumepewa tarehe ya mwezi wa nne. Nimeichagua mimi, baada ya hawa kuondoka kwenda kwao kaskazini. Watakuja tena mwezi wa tisa, kama watakuja, na nataka niwe kwenye tuta kabla yao. Waambie kwenye kikao kwamba mhesabu yupo bado.

Jambo moja halimo kwenye fomu, sikujua liandikwe kwenye safu gani. Kabla hatujaondoka nilikohoa. Si kwa makusudi, ni ule upepo.

Wakaruka, Kidomo. Niliwasikia wote wakiinuka kwa pamoja. Zamani ningekohoa mara tatu kabla wa mwisho hajapita juu ya kichwa changu. Jana walikuwa wameshapita kabla sijamaliza kikohozi.

Baba yako mkubwa